Saa Mbili Ipi?

Jumatatu, 2 Septemba
Bwawa: mita 4.62. Mdogo wangu: kilo 50.1.

Muuguzi wa chumba cha figo ametupa kazi ya nyumbani kama watoto wa shule. Kila siku niandike uzito wa mdogo wangu na maji aliyokunywa, kwa sababu yeye mwenyewe akiulizwa anadanganya. "Sidanganyi," kajitetea, "nasahau kwa makusudi." Nimechukua daftari jeusi lililobaki ofisini, na kwa kuwa kazini kila asubuhi naanza kwa kuandika kina cha bwawa, nimeziweka namba zote mbili juu ya ukurasa. Moja naomba isishuke, nyingine naomba isipande. Hakuna inayonisikia.

Mimi ndiye ninayepanga jedwali la mgao kwenye idara ya maji ya mji: kanda ipi ipate maji siku ipi, tangu saa ngapi hadi saa ngapi. Mtaani wananiita Mama Mgao, na si kwa mapenzi. Mdogo wangu, ninayeishi naye, figo zake ziliacha kazi miaka mitatu iliyopita bila hata kuaga. Jumatatu na Alhamisi analazwa kwenye mashine, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Kwa siku moja mashine ile inatumia maji ambayo sisi wawili tungeyatumia wiki nzima.

Yeye mwenyewe haruhusiwi kunywa zaidi ya chupa moja ndogo kwa siku. Figo hazitoi, basi kinachoingia kinabaki mwilini. Chupa ameichora mistari sita kwa kalamu nzito, kila mstari na saa yake: saa moja asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja, saa mbili usiku. Nilimuuliza kiu ikimshinda akavuka mstari, inakuwaje.

"Nikizidisha leo, nakata kesho," kasema. "Silaumu chupa."

Jumanne, 3 Septemba
Bwawa: 4.59.

Jua. Simu kumi na saba za malalamiko, moja ya kumtukana marehemu mama yangu.

Ijumaa, 6 Septemba
Bwawa: 4.50. Kilo 50.9.

Vumbi mpaka ndani ya chai. Mzee Spana amekuja kuchukua jedwali la wiki. Huyu ndiye anayefungua na kufunga valvu za mji mzima kwa mkono, mwaka wa thelathini na moja huu, na chuma chake kirefu amekifunga kwenye baiskeli kwa mpira. Jedwali nikimpa analikunja mara nne, analitia mfukoni, halitoi tena.

"Mzee wangu, si ulisome kwanza?"

"Nimeshasoma uso wako, mwanangu. Ukinuna hivyo, Kanda ya Nne imepunguziwa."

Kanda ya Nne ni yetu na ya hospitali. Sisi tuko bondeni, hospitali iko juu kilimani. Nina miaka arobaini na saba na bado ananiita mwanangu, nami naitika.

Jumatatu, 9 Septemba
Bwawa: 4.41. Kilo 50.2.

Kikao cha ukame. Tumepata Injinia mpya, kijana wa tai na viatu visivyojua vumbi. Mpango wa mji una hatua nne, akatusomea kana kwamba si mimi niliyeuchapa. Ya kwanza ni kuomba: ndugu wananchi, ogeni kwa ndoo moja, msioshe magari, maji ya kuoshea mboga yamwageni chooni. Ya pili ni kupunguza nguvu ya maji bombani na kuziba mivujo. Ya tatu, tukigusa mita nne, kila kanda inapata maji siku moja kati ya tatu, kwa saa nne tu. Ya nne, tukigusa mita mbili, mabomba ya majumbani yanafungwa kabisa, watu wanapanga foleni kwenye mabomba ya mitaani. Chini ya mita mbili pampu zinavuta tope.

"Na hospitali, hatua ya nne?" nikauliza.

"Hospitali zitaangaliwa."

Neno gani hilo! Hata maiti huangaliwa kabla ya kuzikwa.

Ijumaa, 20 Septemba
Bwawa: 4.08.

Mawingu yamekuja hadi saa tisa, yametutazama, yameondoka zao.

Jumanne, 24 Septemba
Bwawa: 3.96. Kilo 50.6.

Hatua ya tatu imeanza. Kanda ya Nne nimeipa saa mbili hadi saa sita, kwa sababu mtu wa pampu pale hospitali anaingia kazini saa mbili, anawasha, maji yanapanda kwenye tangi lao. Tangi likijaa linawafikisha siku tatu kwa kujibanabana. Nimepiga hesabu hiyo mara nane. Sikuipendelea Kanda ya Nne. Nimempa kila mtu saa zilezile nne. Lakini nikiri hapa, maana daftari halina mdomo: nilianza na Kanda ya Nne kabla ya zote.

Jirani yetu, Mama Ndoo, amenisubiri mlangoni. Ana ndoo ishirini na mbili na anazijua kwa sura. "Mama Mgao, siku moja kati ya tatu? Na sisi tuoge siku moja kati ya tatu?"

"Oga kwa zamu, jirani. Leo mguu, kesho mkono."

Amecheka kwa kulazimika. Mimi pia.

Jumanne, 1 Oktoba
Bwawa: 3.82.

Injinia ameleta mashine mbili za majaribio za kufungua valvu. Unaandika saa kwenye kompyuta ofisini, valvu inafunguka yenyewe kule iliko. Moja Kanda ya Kwanza, moja Kanda ya Nne. Mzee Spana akaizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mtu.

"Na hii ikiumwa?"

"Mashine haiumwi, mzee. Na nakuomba, baada ya kuifunga, usiiguse."

"Sawa. Mimi nimezoea vinavyoumwa."

Kisha Injinia katangaza kwamba sasa jedwali lote tuliandike kwa saa ishirini na nne. Saa ishirini na nne! Kwani sisi tulikuwa tunalala? Anataka jedwali la usiku na mchana. Haya, atalipata.

Jumatatu, 7 Oktoba
Bwawa: 3.70. Kilo 50.0 baada ya mashine.

Siku nzuri. Mdogo wangu ametoka hospitali akiimba, sauti mbaya kama kawaida. Nami nimeingiza saa za Kanda ya Nne kwenye kompyuta kwa mkono wangu mwenyewe: kufungua 02:00, kufunga 06:00. Kompyuta ilitaka sifuri mbele, nikaipa sifuri yake. Injinia katia sahihi huku anaongea na simu. Jumatano ni zamu yetu, tutaona hiyo mashine inavyojua kazi.

Jumatano, 9 Oktoba
Bwawa: 3.66. Kilo 51.5.

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Nimetoka nyumbani saa moja na nusu asubuhi nikakuta barabara imelowa. Moyo ulinilipuka kwa furaha. Mvua! Nikatazama juu: kweupe, hata kawingu ka kuazima hakuna. Nikatazama chini tena. Mfereji wa barabara ulikuwa na maji, mbwa wanayalamba, na pale kwenye kona magari mawili ya kuuza maji yalikuwa yameshajaza, yanaondoka.

Watu wa huku siku ya zamu hulaza bomba wazi na ndoo chini yake, ili maji yakija wasikie. Safari hii yalikuja wamelala fofofo, yakajaza, yakamwagika, yakatoka nje. Waliokuwa wamefunga bomba hawakupata hata la kunawia. Mama Ndoo alikuwa kati ya hao. Alinifuata hadi barabarani na kanga begani. "Huu mgao wenu ni wa wachawi? Maji yanatembea usiku?"

Nilifika ofisini nakimbia. Ilikuwa saa mbili na dakika chache. Simu zote zinalia. Nikawasha kompyuta nikafungua ukurasa wa Kanda ya Nne, nikasoma kwa sauti: sifuri mbili. Sifuri mbili. Ndipo nikaelewa.

Saa yangu ya mkono nimeivaa tangu nikiwa msichana. Mshale mfupi ukiwa kwenye nane, nasema saa mbili. Ukiwa kwenye mbili, nasema saa nane. Sijawahi kufikiri, na nani anafikiri? Mji mzima unasoma saa hivyo. Lakini mashine haijalelewa na mama yeyote. Iliambiwa mbili, ikafungua kwenye mbili, yaani saa nane ya usiku, ikafunga alfajiri saa kumi na mbili. Kumbe hiyo ndiyo saa ishirini na nne aliyokuwa anaisema Injinia.

Injinia alikuwa bado yuko njiani. Nikafuta 02:00 nikaandika 08:00. Nikafuta 06:00 nikaandika 12:00. Haikuchukua hata dakika. Kule valvu ikafunguka, lakini ya nini? Tangi la mji, linalojazwa kutoka bwawani, lilikuwa limeshakauka kwa mabomba yaliyoachwa wazi usiku.

Niseme kweli nilichowaza. Niliwaza: wakiniondoa kwenye jedwali, nani atailinda Kanda ya Nne? Nani atamlinda mdogo wangu? Hapo hapo nikawaza pia mshahara, na aibu, na jina Mama Mgao litakavyochekwa. Sijui kipi kilitangulia.

Injinia akaja, akaangalia kompyuta, akaona 08:00, kila kitu sawa. Akasikia habari za magari ya maji. Akavua miwani. "Mtu kafungua kwa mkono usiku akawauzia maji," kasema. "Nani mwingine ana chuma cha kufungulia?"

Niliinamia jedwali. Wala hakuna aliyeniuliza mimi.

Alhamisi, 10 Oktoba
Bwawa: 3.64. Kilo 52.1.

Mtu wa pampu aliwasha jana saa mbili kama kawaida, bomba likamjibu kwa kikohozi. Tangi la hospitali limekwisha. Leo muuguzi kawarudisha wagonjwa wote mlangoni. Mdogo wangu kauliza kwa nini wasinunue maji ya gari. Walijaribu mwezi uliopita, kasema muuguzi, ni maji ya kisima, yakaziba vichujio vya mashine. Hospitali nyingine yenye mashine kama hizo iko mji mwingine, na foleni yake ni ya wiki mbili.

"Punguza mistari miwili," muuguzi kamwambia. "Jumamosi maji yakija, Jumatatu wewe wa kwanza."

Nyumbani kachukua kalamu akafuta mstari wa saa tatu na wa saa tisa. Mimi nilikuwa nimeshika glasi ya maji, nikashindwa kuyanywa mbele yake.

Ijumaa, 11 Oktoba
Bwawa: 3.62. Kilo 52.6.

Mzee Spana amesimamishwa kazi. Injinia kamwomba chuma. Mzee akakifungua kwenye baiskeli taratibu, mpira wake akaukunja akautia mfukoni, akakiweka chuma juu ya meza yangu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

"Thelathini na moja," kasema, si kwa hasira. Akaniangalia. Nikajifanya natafuta karatasi kwenye droo.

Jumamosi, 12 Oktoba
Bwawa: 3.60. Kilo 53.0.

Zamu yetu. Saa mbili kamili maji yamekuja bondeni, Mama Ndoo kajaza zote ishirini na mbili. Kilimani halikufika tone. Injinia kapanda mwenyewe, kakagua, karudi shati limemganda mgongoni. Usiku ule tangi la mji lilipokauka bomba lilivuta hewa, na hewa imepanda juu kabisa, imekaa kwenye bomba la hospitali imeziba njia. Ipo valvu ndogo ya kuitoa, ramani inasema ipo. Wamechimba mahali pawili wakakuta udongo.

"Nani anajua ilipo?" Injinia kauliza.

Mafundi wakatazamana. Sote tunajua nani anajua.

Nimemwona leo Injinia kama mtu kwa mara ya kwanza. Amekaa chini kwenye ngazi za ofisi, tai ameitia mfukoni, anakula mkate mkavu. Kasema haogi siku ya tatu hii, anaogopa watu wasije wakamwona amelowa. Nilidhani anajidai. Kumbe naye anaogopa.

Jumapili, 13 Oktoba
Bwawa: 3.58. Kilo 53.6.

Asubuhi mdogo wangu hakuweza kuvaa viatu. Kavaa ndala zangu. Macho yamevimba kama aliyelia, na hajalia.

Nimekwenda kwa Mzee Spana. Nyumba ya vyumba viwili, mlango wazi, amekaa kwenye kiti cha plastiki anatengeneza redio ambayo haikuharibika. Nikampa habari za hewa na hospitali.

"Ile valvu niliifukia mimi," kasema. "Walipanua barabara wakaniwekea matofali juu. Ramani haijui. Mguu wangu unajua."

"Basi twende, mzee wangu."

"Niende kama nani? Mwizi? Nikionekana nachimba bomba la hospitali bila chuma changu na bila barua, nitaitwa mwizi mara ya pili, na safari hii nitafungwa." Akaweka redio chini. "Nikuulize wewe mwenye jedwali. Ile mashine iliambiwa ifungue saa ngapi?"

Nikasema, "Saa mbili."

Mungu wangu. Nimesema kweli na nimesema uongo, kwa neno lilelile moja. Akaitikia kwa kichwa, akaamini. Akanisindikiza mpaka njia panda, akaniambia nimwombee mdogo wangu nafuu.

Jumatatu, 14 Oktoba
Bwawa: 3.56. Kilo 54.2.

Wiki nzima bila mashine. Asubuhi mdogo wangu amekaa kitandani kaegemea mito mitatu, akilala chali anakosa pumzi. Anaongea maneno mawili anapumzika. Chupa yake ameifuta mstari mwingine, imebaki na mitatu. Nikapiga magoti nimvalishe ndala, na nikiwa kulekule chini nikamwambia yote: sifuri mbili, nilivyofuta, Mzee Spana, mlango wake, "saa mbili" yangu.

Akaitazama chupa yake. Nilidhani ananilaani moyoni.

"Dada," kasema, "miaka mitatu... nazidisha... nakata." Akapumua. "Umewahi kuona... nalaumu chupa?"

"Hapana."

"Wewe umelaumu." Akapumua tena. "Mficha maradhi... kifo humuumbua. Na kifo chenyewe... kitakuwa changu. Nenda."

Ndugu yangu, mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Nimetoka bila kufunga mlango.

Injinia alikuwa na mkurugenzi na mafundi wawili, ramani imetandazwa mezani. Sikungoja waniulize. "Mzee Spana hakufungua kitu," nikasema. "Niliiambia mashine ifungue saa mbili."

"Ndiyo, saa mbili," kasema mkurugenzi. "Si ndivyo ilivyo?"

Injinia peke yake ndiye aliyeinua kichwa. Uso ulimbadilika polepole. "Saa mbili ipi?"

"Yetu," nikasema. "Na yenyewe ikafungua yake. Asubuhi nikabadilisha kabla hujafika."

Mkurugenzi alianza kupiga kelele, na alikuwa na haki, sikumbuki hata nusu. Nakumbuka aliposema "miaka yote hii." Nakumbuka pia Injinia alipomkatiza: "Na mimi nilitia sahihi bila kusoma. Nilikuwa kwenye simu." Kisha akachukua chuma kilichokuwa bado kwenye kona ya meza yangu, akauliza anakaa wapi huyo mzee. Alikipeleka mwenyewe, kwa miguu, begani.

Tangi la mji halikuwa na maji ya kutosha leo. Kesho ni zamu yetu. Mdogo wangu amelazwa hospitali na hewa ya puani. Muuguzi kasema kesho mchana au basi. Hakusema basi nini.

Jumanne, 15 Oktoba
Bwawa: 3.54. Kilo 54.8 asubuhi.

Nimefika geti la hospitali saa moja. Mzee Spana alikuwa keshafika, shati lilelile. Hakunisalimia. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee wangu." Akajibu "marahaba" kwa sababu neno hilo halina jinsi, lakini macho alikuwa ameyapeleka kwingine.

Alisimama kwenye nguzo ya geti, akageukia ukuta, akaanza kutembea kisigino kwa kidole, anahesabu midomo tu ikicheza. Mafundi wanamfuata na sululu. Injinia anamfuata na ramani yake isiyojua kitu. Akapita bustani iliyokufa, akasimama kwenye matofali ya njia ya kupitia wagonjwa, akarudi nyuma nusu hatua. "Hapa."

Walichimba kama robo saa. Nilikuwa nimejishika mdomo. Dirisha la chumba cha figo lilikuwa juu yetu pale pale na nilijua mdogo wangu yuko nyuma yake, na sikuthubutu kutazama. Sululu ikagonga chuma. Mfuniko. Saa yangu ilikuwa imegonga mbili, mbili yetu, asubuhi, na maji yalikuwa yameshaanza kupanda kutoka chini. Mzee Spana akainama, akatia chuma chake, akazungusha.

Hewa ilitoka kwa mluzi mrefu, nilidhani hautakwisha. Ikakohoa. Ikatema maji ya rangi ya udongo, ikakohoa tena, ikatema meupe. Akafunga. Kutoka kwenye chumba cha pampu mtu akapiga kelele, "Yanapanda! Yanapanda jamani!" Injinia alikaa chini kwenye matope na suruali yake ya heshima.

Saa saba mchana mdogo wangu amewekwa kwenye mashine. Nimekaa kwenye benchi nje, Mzee Spana akaja akakaa upande wa pili, chuma katikati yetu. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka machache na ya ovyo.

Alifuta chuma kwa kitambaa muda mrefu.

"Mimi nastaafu mwakani," kasema. "Ungekuja siku ileile ukaniambia, mzee, nimekosea, mdogo wangu anaumwa, ningesema ni mimi nimeichezea hiyo mashine. Ningebeba. Ungebaki na jedwali lako." Akasimama. "Lakini hukuniomba nibebe, mwanangu. Ulinibebesha."

Akaenda zake. Ameniita mwanangu, na hilo ndilo lililoniliza.

Kilo 52.3 jioni. Kalala chali.

Alhamisi, 24 Oktoba
Bwawa: 3.36. Kilo 50.8.

Barua yangu imetoka. Sifukuzwi, nahamishiwa bwawani kusoma kipimo asubuhi na jioni, mshahara wa ngazi ya chini. Jedwali sasa linapangwa na Injinia, na kila saa ameiandikia neno lake pembeni: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kanda ya Nne ni saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Hakuigusa. Niliogopa bure kwamba bila mimi hakuna wa kuilinda.

Jumamosi, 2 Novemba
Bwawa: 3.18.

Joto. Mtaani kuna mzaha mpya. Ukimwambia mtu tukutane saa mbili, anakuuliza, "Saa mbili yetu au ya Mama Mgao?" Mama Ndoo ndiye aliyeuanzisha. Nimecheka, mara hii bila kulazimishwa.

Ijumaa, 8 Novemba
Bwawa: 3.06. Kilo 51.0.

Bwawani nimeona nisichokuwa nakiona kwenye karatasi. Mita tatu ni mti mmoja uliokufa majini uliotoa mabega. Kila asubuhi unatoa kidogo zaidi. Mzee Spana amepita kukagua valvu ya bwawa. Nikamwamkia, akaitika, akasimama pembeni yangu tukautazama ule mti pamoja. Hakuondoka haraka.

Jumanne, 12 Novemba
Bwawa: 2.98 asubuhi. Kilo 51.2.

Mvua imenyesha.

Imeanza tone mojamoja, watu wakadhani ni jirani anamwaga maji, kisha ikaanguka yote kwa pamoja. Mtaa mzima ulitoka na ndoo, sufuria, mabeseni. Mama Ndoo amesimama katikati ya barabara, mdomo wazi juu, anakunywa kutoka angani. Najua haitoshi. Bwawa halitapanda hata sentimita kwa mvua ya siku moja, udongo utainywa yote kwanza, na hatua ya nne bado iko mbele yetu. Najua. Nimelowa hata hivyo.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini, chupa mapajani. Akanyoosha mkono nje, kiganja kikajaa pomoni. Akakitazama. Nami nilitaka kumwambia kunywa, leo kunywa tu, nani atakuhesabia. Nikanyamaza.

Akakimwagia miguu yake, akacheka kwa ule ubaridi.

"Saa ngapi, dada?"

Nikafuta kioo cha saa yangu. "Saa kumi na dakika ishirini."

"Ya jioni?"

"Ya jioni, mshenzi wewe."

"Mstari wangu ni wa saa kumi na moja," kasema.

Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye, tukasubiri.